Pua ya Ghorofa ya Pili

Wifi yangu hajawahi kuvuta sigara hata moja, lakini kwa miaka kumi na tisa alikuwa akirudi nyumbani ananuka moshi hadi kwenye nywele. Alikuwa mhudumu wa baa katika hoteli ninayofulia mashuka, yeye juu, mimi dobi huku chini. Kazi yake kubwa ilikuwa kumwaga visahani vya majivu, na wateja wakambandika jina la Mama Majivu. Kaka yangu, mumewe, alizoea kumtania kwamba alioa mke akaletewa jiko la kuni.

Kisha ikaja sheria ya kutovuta ndani. Meneja akabandika vibao na kuvikusanya visahani vyote kwenye boksi. Wateja walinuna wiki mbili hivi, wachache wakahama moja kwa moja, waliobaki wakazoea kutoka nje na kurudi. Mchana zikaanza kuonekana familia zinakuja kula. Hata hivyo baa ilipunguza wafanyakazi, na wifi akahamishiwa vyumbani, kwa sababu meneja alikuwa na hoja aliyoiona ya maana sana: mtu aliyeishi na moshi miaka yote hiyo hawezi kuukosea. Alimpa ghorofa ya pili, vyumba kumi na viwili. Wageni wakishashuka kwenye kifungua kinywa, aingie anuse, na akiandika "moshi" kwenye fomu, mgeni anapigwa faini. Wenzake wakaacha Mama Majivu, wakamwita Pua.

Siku ya tatu alishuka dobi, akafunga mlango.

"Wifi, mimi sisikii harufu."

Nilidhani ananichezea. Nikamsogezea puani chupa ya dawa ya kung'arishia mashuka, ile ambayo mimi hunitoa machozi kila siku, naye akabaki ananitazama macho makavu. Aliniambia ilianza kupotea kidogo kidogo huko baa. Chai ilitangulia, sabuni ikafuata, na mjukuu wake wa kwanza alipozaliwa alikiweka puani kichwa cha yule mtoto asisikie kitu. Hajamwambia mtu, hata kaka yangu. Meneja akijua, unga umemwagika, na kaka tangu mgongo umshike hakuwa akileta chochote nyumbani. Nilisikia huruma, kisha nikaingiwa na hasira, maana ni mimi niliyezifua sare zake zote na sikuwahi kujiuliza moshi ule unakwenda wapi kwingine.

Basi tukapanga mambo yetu. Asubuhi alitandua mashuka ya kila chumba na kuniteremshia kwenye mfuko wenye namba. Mimi nilinusa foronya, kisha nikampandishia mashuka safi. Foronya ya juu ikiwa imekunjwa upande wa ndani nje, chumba hicho kina moshi. Ikiwa imekunjwa sawasawa, salama. Ndipo alipojaza fomu. Macho yake nayo hayakuwa ya kuchezewa: aliona majivu kwenye reli ya dirisha, aliona kofia ya kuogea iliyovishwa king'ora cha moshi ili kisilie. Kwa miezi mitano meneja alimsifu mpaka wengine wakamchoka.

Asubuhi moja mfuko wa chumba namba tisa ulinuka sigara waziwazi. Nikageuza foronya, nikaipandisha. Nusu saa haijapita, mama wa chai akaniambia huko juu pamechafuka. Nikabeba rundo la mashuka ili nipate sababu, nikapanda.

Mgeni wa namba tisa alikuwa mwalimu mstaafu aliyekuja mjini kutibiwa kifua. Alikuwa ameketi kitandani ameshika kikopo chake cha dawa ya pumu, anahema, akisema kwa upole kwamba hajawahi kuishika sigara maishani. Meneja alinusa mapazia, akanusa mto, akafungua kabati. Mwisho akamgeukia wifi na kumuuliza yeye anasikia nini humo.

Angeweza kushikilia kwamba ni moshi. Jina lake lilikuwa kubwa kuliko la yule mzee, na faini ingelipwa. Alinitazama pale mlangoni, kisha akamtazama mzee na kikopo chake.

"Sisikii kitu, bosi. Humu wala kwingine. Miaka kumi na tisa nimevuta sigara za wageni wako bila kuwasha hata moja."

Meneja akauliza ni nani basi aliyekuwa akinusa miezi yote hiyo. Wifi akasema hakuna mtu, alikuwa akibahatisha. Alikuwa ananificha. Nilitamani ardhi ipasuke, lakini nikapiga moyo konde nikasema ni mimi.

Tulishuka wote watatu. Kufungua mlango wa dobi tu, moshi ukatupokea. Nje ya dirisha langu, ambalo hubaki wazi kwa ajili ya joto la pasi, wageni wawili walikuwa kwenye benchi wanavuta kwa raha zao. Benchi lile lilikuwa kwenye mlango wa mbele, na jana yake jioni lilihamishiwa nyuma. Nililiona asubuhi nikalipita bila kufikiri, nikauweka mfuko wa namba tisa chini ya dirisha, na kosa hilo ni langu. Meneja akasema kwa sauti ndogo kwamba aliyeamuru lihamishwe ni yeye.

Alikwenda kumwomba mzee radhi. Wifi aliambiwa arudi nyumbani asubiri kuitwa, na akasubiri siku nne, hali wala halali. Siku ya tano aliitwa arudi kazini. Fomu mpya ina sehemu mbili za sahihi, moja ya aliyeangalia, yeye, nyingine ya aliyenusa, mimi. Benchi limepelekwa mbali kando ya ukuta. Kuhusu pua yake hakuna aliyempa hata pole, na hilo mimi bado linaniuma.

Juzi alikuja dobi siku yake ya mapumziko, amembeba mjukuu wake wa pili, wa wiki tatu. Hakufunga mlango.

"Wifi, ninusie na huyu."

Nikainama kwenye kichwa cha mtoto, nikamwambia anachonukia: maziwa, mafuta kidogo, na jasho la usingizi. Akafumba macho, akaniomba nirudie.