Kasuku wangu walipopata mgeni

Jamani, leo nimemzuia mlangoni mtu aliyekuja kutazama mgonjwa.

Wagonjwa wenyewe ni kasuku wangu wawili. Wana virusi vya kupukutisha manyoya. Daktari wa wanyama alisema havina dawa, ni kuwatunza tu. Kwetu binadamu havina neno, ila kwa kasuku wenzao ni mauti.

Basi nimembeba mtoto, chai yangu imepoa, nasikia hodi. Jirani yangu Bi Zuhura, kajitia udi, na tundu mkononi.

Ndani ya tundu, kasuku wake. Mzima, mnene.

"Kaja kuwapa pole wenziwe."

"Shikamoo, Bi Zuhura. Wewe karibu, yeye asiingie. Ataambukizwa afe."

"Makubwa! Mgonjwa siku hizi hatazamwi?"

Nikamweleza polepole, kama ninavyomlisha mtoto uji: ugonjwa umo hata kwenye vumbi la manyoya.

Akatikisa kichwa kwa huruma. Nikashusha pumzi.

"Nimefahamu, mwanangu. Basi nipe japo unyoya mmoja, huyu wangu alale nao."

Wallahi, nimefunga mlango.

Sasa yuko barazani kwake, kila apitaye hapa mtaani kwetu Mjambere anaambiwa nina roho mbaya. Kasuku wake pembeni anapiga mluzi, mzima wa afya.

Nyinyi mngemfungulia?