Mkoromo wa Mama Yangu

Binti yangu wa kwanza alianza kukoroma akiwa na miaka miwili, na mimi nikajivunia. Kwetu, binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake, na jina likishakaa, jamaa wote huanza kukagua kama mzigo ulifika mzima. Masikio ni ya shosho, nyanya yake. Hasira ni ya shosho. Na mkoromo haukuwa hata na mjadala, kwani mama yangu akisinzia mchana kule Gakindu, kuku huhama ua. Siku mtoto alipokoroma kanisani katikati ya mahubiri, shangazi zangu walinipa mkono kana kwamba ni mimi niliyefaulu mtihani.

"Huyu ni mama yako kabisa," mmoja aliniambia. "Hakuna kitu imepotea."

Sasa achekwe nani kama si mimi: kazi yangu ni kuuza magodoro mjini Nyeri. Habari za usingizi naweza kukusimulia mpaka utoe pochi mwenyewe. Binti yangu alilalia godoro zuri kuliko yote dukani, na kila asubuhi aliamka mdomo wazi, macho mekundu, kama aliyetoka kwenye matanga. Sikuona kitu.

Shuleni waliona. Alikuwa analala juu ya daftari. Alichofundishwa Jumatatu, Jumanne hakipo. Alilia kwa jambo dogo na kuwapiga wenzake kwa jambo dogo zaidi. Gredi ya tatu ilikuwa inayoyoma na hajaweza kusoma ukurasa mmoja.

"Mzazi, huyu mtoto hashiki," mwalimu wake aliniambia. "Mwaka ukiisha kama hajasoma, itabidi umtafutie shule ingine, ya watoto wa aina yake."

Nikafanya kile ambacho kila mzazi wa huku kwetu mlimani angefanya: nikamtafutia masomo ya ziada. Saa kumi na moja alfajiri, kabla ya gari la shule. Mtoto anakufa kwa usingizi, nami nikamnyang'anya hata ule kidogo aliobakiwa nao. Tulikazana hivyo miezi minne, na herufi alizokuwa amezijua zikaanza kumtoroka.

Asubuhi moja nilimfokea. "Mama, kwani wewe ni mvivu?" Ndiyo, humwita mama, kwa sababu ya jina.

"Si mimi, baba," alisema. "Ni macho."

Hilo linaniuma mpaka leo.

Wokovu wenyewe ulikuja kwa bahati. Nilimpeleka kwa daktari kwa ajili ya kikohozi tu. Daktari, mama mmoja asiye na haraka, alimulika koo lake, kisha akauliza kama anakoroma.

"Sana," nikajibu nikitabasamu. "Ni jina."

Hakucheka. Alinieleza kwamba nyuma ya pua kulikuwa na nyama zilizovimba, na kila zinapoziba njia, ubongo unaamka kutafuta hewa. Ubongo wa mtoto hujijenga akiwa amelala, na hapo ndipo huweka mahali pake yale aliyojifunza mchana. Fundi anayeitwa langoni kila dakika hawezi kumaliza ukuta. Nikamuuliza kama kilichopotea kitarudi. Akasema watoto wengi huinuka vizuri, lakini ingekuwa heri ningekuja mapema.

Zile nyama zilitolewa. Masomo ya alfajiri niliyafuta mwenyewe. Kufikia muhula uliofuata, binti yangu alikuwa ananisomea mabango yote ya barabarani, hata yale ya dawa za nguvu za kiume.

Likizo ilipofika, tukaenda Gakindu. Baada ya chakula cha mchana alilala kwenye kiti, kimya. Mama yangu aliacha kuchambua maharagwe akamsogelea.

"Mbona hasikiki?"

Nikamweleza yote: nyama za pua, ubongo, na jinsi mtoto alivyoitwa mjinga bure. Mama hajui kusoma. Kanisani hushika kitabu cha nyimbo na kuimba kwa kichwa, na miaka yote amesema hana akili ya vitabu, nasi tukacheka naye. Alirudi kwenye maharagwe, akachambua kidogo.

"Mimi walinitoa darasa ya pili," alisema. "Ati nalala tu. Ati sina kichwa." Akamtazama tena mjukuu wake. "Kumbe ilikuwa pua."