Dengelua Iliyokataa Kulia

Wifi yangu Zipora aliuza chai pale stesheni ya Lembeni tangu kabla ya vita vya Hitla. Garimoshi likikaribia, dereva alipiga honi mara mbili: moja ya stesheni, moja ya Zipora. Ng'ombe wa Kwakoa wakiisikia ile ya pili, walianza kudai chai. Anayebisha akawaulize wenyewe.

Zipora alizika watoto wanne. Alibaki na mjukuu mmoja, Tumainieli, aliyefiwa na mama yake angali ananyonya. Katika uzao wake, huyo ndiye aliyebaki wa kuja kumzika yeye.

Mwaka wa tatu wa vita sukari ikawa ya kibali. Jua nalo likawaka mpaka reli ikajikunja kutafuta kivuli. Kona yake ipo hadi leo. Ng'ombe wakakauka maziwa. Ndipo mume wangu Lukasi, kaka yake Zipora, alipokuja likizo kutoka jeshini na kikopo cha vidonge vyeupe, vidogo, kimoja kinatosha bilauri nzima. Askari waliviita sakarini. Sisi, kwa kuwa vilikaa kikoponi kama kwinini, tukaviita sukari ya dawa. Jina hilo ndilo lililotuponza.

"Wifi, mtilie na mtoto," nikamwambia Zipora. "Ikiwa ni sukari, atashiba. Ikiwa ni dawa, atapona."

"Na ikiwa si hiki wala si kile?"

"Tangu lini kitu kitamu kikakosa kuwa kitu?"

Nilisema mimi, kwa kinywa changu hiki.

Zamani Tumainieli aliukataa uji mwepesi. Sasa aliunywa hata ukiwa maji matupu, akalamba na bakuli. Unga ulikuwa haba, basi Zipora akapunguza unga, akaongeza maji, akatia kidonge. Mwezi wa pili nywele za mtoto zikawa nyekundu, miguu ikavimba. Ukiibonyeza kwa kidole, shimo linabaki. Akaacha kucheka, akaacha na kulia. Watu wakasema ni jicho baya, nami nikasema nao.

Hapa mchungaji wa kanisa letu, akisoma, aruke mistari michache. Nilikuwa napika dengelua, pombe yetu ya miwa, kwa siri. Miwa haikushuka kutoka Usangi, mifereji ilikuwa imekauka, nikatia vidonge kwenye maji, na tunda la mwegea la kuchachushia. Dengelua ikianza kuiva hulia ndani ya kibuyu, inachemka bila moto. Siku ya tatu nikatega sikio. Kimya. Nikaonja: tamu vilevile kama siku niliyoitia.

Nikaenda kwa Zipora. Alikuwa amempakata mtoto.

"Wifi, dengelua imekataa kulia."

"Mimi nina mgonjwa, wewe unaniletea habari za pombe?"

"Nisikilize. Haikukuta cha kula mle ndani. Ni utamu mtupu. Na huyu je, anakula nini?"

Aliliangalia bakuli. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Asubuhi tukapanda garimoshi hadi Same. Mganga wa zahanati, Melkizedeki, alibonyeza mguu wa mtoto, akauliza anakula nini. Tukamwonyesha kikopo.

"Mmemlisha utamu," akasema. "Chakula hamkumlisha. Mpeni maharage na maziwa. Kama atapona, sijui."

Zipora alikwenda Kwakoa, akabadilisha birika lake la chai kwa mbuzi mwenye maziwa. Biashara yake ikaishia hapo. Kila siku alipika makande, akayaponda maharage kwa vidole mpaka yakalainika, akamtia mtoto kinywani punje kwa punje. Mtoto alimeza, akanyamaza. Siku tano, siku kumi. Mimi niliteka maji, nikakata kuni, wala sikusimulia uongo hata mmoja. Watu waliniona mgonjwa.

Siku ya ishirini na moja tulikuwa nje tunachambua maharage. Ndani Tumainieli akaamka, akalia kwa njaa, sauti ikafika relini.

Zipora aliweka ungo chini.

"Wifi," akasema, "imelia."