Nilisema Kamiyo Iliyosimama Haina Moshi

Mimi ni mjinga aliyesoma, na hao ndio wajinga wabaya kuliko wote. Mjinga wa kawaida akikosea, mara nyingi anajiumiza mwenyewe. Mimi nilikosea mbele ya mkutano, kwa ubao na chaki, na watu wakanipigia makofi.

Usinihurumie. Soma kwanza.

Wakati wa ile vita ya pili ya nchi yetu nilikuwa kijana hapa Baraka, mji wetu wa kando ya ziwa. Nilikuwa nimerudi kutoka Bukavu, ambako masomo yalikatika kwa sababu ya risasi. Huko nilimsaidia profesa mmoja kazi ambayo kwetu hakuna aliyewahi kuisikia: kukadiria moshi wa magari ya mkoa mzima. Usicheke, kazi hiyo ipo. Huwezi kufunga mfuko nyuma ya kila gari, kwa hiyo unakadiria. Unahesabu magari yanayopita, unayapanga kwa aina, kwa uzee na kwa mafuta yanayokunywa. Unatafuta kila aina inatembea kilomita ngapi, halafu unazidisha na kiasi cha sumu ambacho gari la namna hiyo hutoa kwa kilomita moja. Ukijumlisha yote, umepata moshi wa mkoa.

Profesa yule alikuwa mtu makini, na kuna jambo alilolirudia mpaka tukachoka nalo. Alisema gari lililosimama huku injini inanguruma halina kilomita, lakini lina moshi, na moshi huo una hesabu yake ya pembeni. Lazima mtu aende akae pale na kuangalia linasimama kwa muda gani. Shika neno hilo. Mimi nililishika vizuri sana, kisha nikalikalia.

Baraka siku zile haikuwa na magari mengi. Barabara ya Uvira ilikuwa mashimo matupu na vizuizi vya watu wenye bunduki. Kamiyo zilizofika, yale malori makuukuu ya mizigo, hazikuwa na betri nzima wala demarere ya kuwashia injini. Kuwasha moja kulitaka umati wa kusukuma. Basi dereva akishafika hazimi. Mafuta yalikuwa ghali, lakini kamiyo ilikuwa ghali zaidi, na milio ya bunduki ikianza watu wote wanakimbia, nani atabaki kukusukuma? Kwa hiyo zilinguruma tangu zinapofika asubuhi mpaka zinapomaliza kupakia, zikinywa mazuti, yaani dizeli, iliyochanganywa na mafuta ya taa, mara nyingine hata na mawese. Moshi wake ulikuwa mzito, ukipita unabaki kwenye nguo.

Na zilisimama wapi? Kando ya soko, mikia imeelekezwa kwenye madirisha ya materinite, wodi ya wazazi. Mchana upepo wa ziwa unavuma kuelekea milimani, na materinite ilikuwa upande huo huo. Bamama waliokuwa wamejifungua walilala humo na watoto wao wachanga, wamefunika madirisha kwa vitenge.

Mkunga wa pale, nitamwita Mama Zaina, alikwenda kwa shefu wa kartie, mkuu wa mtaa wetu, pamoja na wanawake wa soko. Hawakuomba makubwa. Waliomba kamiyo zihamie kiwanja kitupu kule mwisho wa soko, ambako hakuna mtu anayelala. Mwenye kamiyo kubwa, tuliyemwita Patron, alikataa. Alisema kule ni mbali na wabebaji, na tena mali yake itachukuliwa na wenye bunduki. Shefu hakuwa na hamu ya kugombana na mwenye kamiyo wakati wa vita. Akasema kuna kijana amesoma mambo ya moshi Bukavu, basi yeye ndiye aseme.

Kijana huyo ni mimi. Nilivimba kichwa mpaka sikutosha mlangoni.

Patron alinikuta njiani kesho yake, akanishika mkono kwa mikono miwili. Akaniita "Profesere." Hakunipa kitu, sitaki kumsingizia. Neno lile tu lilitosha. Kuna watu hununuliwa kwa mbuzi, mimi nilinunuliwa kwa jina.

Nilipaswa kwenda kukaa parkingi siku kadhaa, kama profesa alivyotufundisha. Najua nilipaswa. Lakini nilikuwa na shati moja jeupe, lile la Bukavu, na sikutaka nionekane nimeketi juu ya gunia kati ya mafungu ya dagaa na muhogo, napakwa masizi kama mpakizi. Msomi gani anakaa pale? Nikabaki nyumbani, kwenye kivuli, nikafanya hesabu.

Siku ya mkutano nilisimama mbele ya ubao uliotolewa shuleni. Mke wangu alikaa mbele kabisa, tumbo lake la kwanza limekuwa kubwa. Nikaandika idadi ya kamiyo. Nikaandika umbali, kutoka daraja la Mutambala, zinapoingilia mjini, mpaka sokoni, ambao hata mzee anautembea bila kupumzika. Nikazidisha. Kilomita zikiwa chache na moshi unakuwa kidogo, hesabu haina huruma.

Haikunitosha. Nikawapa kitu ambacho hakuna aliyekiomba: moshi wa Fizi nzima, territoire yetu, yaani wilaya yote, kuanzia Swima kandoni mwa ziwa mpaka Lubondja kule juu. Wao walitaka kamiyo mbili tatu zisogee, mimi nikachukua moshi wake nikaugawa kwa milima, kwa misitu na kwa maji. Ukigawa hivyo hata chumvi ya gunia zima haionjwi. Nikapiga mstari chini ya jibu, nikasema moshi wa magari hapa ni kama haupo, na wanaotafuta moshi waanzie kwenye majiko yao wenyewe.

Mama Zaina akanyanyuka.

"Mwalimu, ile hesabu yako inasema kamiyo ikitembea. Na ile yenye iko inasimama pale kwa dirisha yetu?"

Swali lenyewe. Neno lile lile la profesa, limetoka kwenye kinywa cha mtu ambaye hakumwona profesa hata siku moja. Nilikuwa na nafasi ya kusema, hapo umesema kweli, nipeni muda nikaangalie.

Nikamwambia: "Mama, kamiyo iliyosimama haina kilomita. Isiyo na kilomita haina moshi. Hiyo ndiyo sayansi."

"Kuya basi ukae na siye kule siku moja tu," akasema. "Ulete na hiyo sayansi yako."

Watu wakacheka, na mimi nikaona wananicheka mimi. Nikajibu kwamba elimu haipimwi kwa pua. Wale wanaume waliokuwa upande wa Patron wakapiga makofi. Mke wangu naye akapiga, kwa fahari. Nilimwona.

Kamiyo zikabaki pale pale.

Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Kidole changu kilikuwa kizima.

Mke wangu alishikwa na uchungu kiangazi kile, akajifungua kwa taabu, akalazwa materinite. Mtoto alikuwa msichana, mzima, analia kwa nguvu. Nitamwita Riziki. Kitanda chao kilikuwa chini ya dirisha, na nyuma ya dirisha ilikuwa kamiyo ya Patron, inanguruma na kutetemesha ukuta. Nilipoingia nilikohoa kabla sijasalimia. Mke wangu alikuwa amemfunika mtoto uso kwa kitenge, na kitenge kilikuwa kimeshika weusi.

Hapo ndipo nilipoanza kuonja hesabu yangu. Siku zilizofuata mtoto akaacha kulia kwa nguvu. Akawa anapumua kwa sauti, kifua kinapiga filimbi, mbavu zinaingia ndani kila anapovuta.

Nikatoka nje kwa dereva. Alikuwa amelala kwenye kiti, miguu juu ya usukani.

"Zima kidogo, ndugu yangu. Mtoto wangu yuko humo ndani."

Alinitazama, akanitambua. Hakukasirika hata kidogo, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

"Sasa, Mwalimu, si weye njo ulisema? Hii haitembee. Kama haitembee, haina moshi."

"Basi isogeze mbele kidogo."

"Patron alisema tubakie hapa. Alisema ni weye ulimupatia ruhusa."

Mkuki kwa nguruwe mtamu. Nikasimama pale na shati langu jeupe, moshi unanipita. Hatimaye Mama Zaina ndiye aliyenisaidia kumhamisha mtoto na mama yake, tukawapeleka nyumbani kwake upande wa ziwa. Mtoto hakufa. Lakini ile filimbi haikutoka kifuani.

Ukidhani ubaya wangu unaishia hapo, hunijui bado. Mama Zaina aliniambia kwa upole, mlangoni kwake: "Mwalimu, enda kwa shefu, useme ulikosa. Wako atapona ao hatapona, lakini kesho kuko bengine batazaliwa."

Sikwenda. Nilisema nitakwenda, na sikwenda. Niliogopa kicheko cha soko kuliko nilivyoogopa Mungu. Wanawake wakaendelea kujifungua chini ya lile dirisha, mmoja baada ya mwingine, na mimi nikitaka kupita pale nazunguka njia nyingine. Parkingi ilikuja kuhamishwa baadaye na mapigano, watu walipotawanyika na kamiyo ya Patron ikachomwa. Bunduki ilifanya kazi ambayo mimi niliona aibu kuifanya.

Najua wasomi wenzangu watasema huwezi kuthibitisha. Watasema pengine kifua cha mtoto kilikuwa dhaifu tangu tumboni, pengine ni baridi, pengine ni vumbi. Nawajua, mimi mwenyewe nilisema hivyo miaka na miaka. Waende wakaseme pale kwa dirisha.

Sasa nikuambie kitu ninachokula kila siku kama chakula cha wizi.

Riziki alipokuwa mtoto wa kukimbia mwenyewe, mapigano yalirudi na tukakimbilia juu, njia ya Lubondja. Watoto wa rika lake walipanda kwa miguu yao. Yeye alifika kilima cha kwanza akakaa chini, midomo imebadilika rangi. Nikatupa godoro, nikatupa sufuria, nikambeba mgongoni mpaka tulipofika. Njia nzima nilisikia ile filimbi karibu na sikio langu.

Watu waliona baba anayetupa mali na kumbeba binti. Wakaisimulia. Kwenye misiba, kwenye ubatizo, wanaisimulia. Baba wengine waliokoa mbuzi, huyu aliokoa mtoto. Na Riziki alipouliza kwa nini hawezi kuimba kwaya, kwa nini ubeti unamshinda katikati, nilimwambia ni mapenzi ya Mungu, alizaliwa hivyo. Mama yake alikuwa amekaa hapo hapo, anachambua mchele. Hakuinua uso. Hajawahi kunitajia ule mkutano, na mimi sijawahi kuthubutu kumuuliza kama anakumbuka makofi yake.

Mwaka huu Riziki ameolewa. Kwenye sherehe akaomba kusema neno. Akasimulia ile njia ya Lubondja mbele ya wakwe, akisimama kila baada ya maneno machache ili avute hewa. Akasema: "Mi najua mapendo ya Papa kwa mugongo wake." Ukumbi mzima ukainuka, ukapiga makofi, na mimi nikainuka nikapokea. Nilikuwa nimevaa shati jeupe.

Makofi yale nayajua. Niliyasikia zamani, mbele ya ubao.

Juma lililofuata nilikwenda kwake. Nikamkuta uani, anaosha vyombo vya sherehe. Nikamwambia yote: shati, Patron, ubao, dirisha, na mlango wa Mama Zaina. Sikujitetea, nilikuwa nimechoka kujitetea. Aliendelea kuosha sahani ile ile kwa muda mrefu. Nilingoja anifukuze, na ningeshukuru kufukuzwa.

Akasema polepole, kwa pumzi yake fupi:

"Papa, mi toka mutoto niko naomba Mungu anisamehe. Nilizani ni mi nilimukosea, njo maana alinifunga kifua."

Kisha akaweka sahani chini, akaniuliza kama nitakunywa chai. Nikasema ndiyo.

Wewe uliyesoma, unayeitwa leo kuja kupima jambo la watu, iwe moshi, iwe maji, iwe njaa, sikudai uwe na akili kuliko mimi. Akili nilikuwa nayo. Usinunuliwe kwa jina. Usiugawe ugonjwa wa nyumba moja kwa territoire nzima mpaka uonekane haupo. Na ukiambiwa umekosea, rudi siku hiyo hiyo ukaseme, hata soko zima likucheke.

Na kabla hujaandika kwamba hapa hakuna moshi, nenda ukasimame pale kutwa nzima, ukiwa na shati lako jeupe. Shati hufuliwa.