Nilivyomkimbilia Amisi Mpakani

Napenda zile filamu za zamani za Amerika, ambamo mwanamke hukimbia kumzuia mpenzi asiondoke. Dada yangu husema ni uongo mtupu.

Juzi Amisi, fundi cherehani jirani yangu sokoni, alifunga kibanda, kitambaa usoni, machozi yakimlengalenga.

“Siwezi kuvumilia tena. Naenda Bujumbura,” alinong'ona.

Nikajua: ananipenda, ameshindwa kusema! Nilimfuata mbio hadi mpaka wa Kavimvira, kiatu kimoja kikabaki njiani, nikapaza sauti mbele ya foleni nzima: “Amisi, usiende! Nakupenda!”

Akageuka, akashusha kitambaa. Shavu lilikuwa limevimba.

“Weye! Minye naenda kung'olewa jino. Jioni narudi.”

Foleni ikaangua kicheko, askari naye. Sikuinamisha kichwa.

“Nenda ukang'olewe,” nikamwambia, “lakini nilichosema nimesema!”