Kidole cha Tano Ukutani

Wiki iliyopita nilikuwa Mikumi nikinunua misumari. Mwenye duka, mama mmoja tunayefahamiana miaka mingi, aliniamkia, kisha akaacha kupima misumari. "Kaka, fundi ametutoka," akasema. Nikamuuliza fundi yupi, maana wateja wake karibu wote ni mafundi. "Yule wa Kilosa, wa vidole vinne. Wamemzika Jumanne kwao Kidete. Alikuwa akija hapa kuchukua rangi ya kijani." Misumari niliisahau juu ya meza yake. Wasomaji wa safu hii mmezoea kunisoma nikigombana na wakubwa. Leo nivumilieni nimwandike mtu ambaye hakuwahi kuwa mkubwa wa chochote, na ambaye mimi, mtoa ushauri mashuhuri, nilimshauri vibaya.

Alikuwa mtu wa reli. Kidole kimoja cha mkono wa kulia kilikatika akiunga mabehewa, na miaka ile tulipoambiwa kwamba sasa kila kitu ni soko huria, akawa miongoni mwa waliopunguzwa kazini. Akashika brashi. Aliwachorea vinyozi vichwa na mama lishe samaki, hadi mfanyabiashara mmoja wa Kilosa alipofungua chumba cha gemu za televisheni karibu na soko, akamwita amchoree ukutani shujaa wa gemu iliyopendwa kuliko zote. Kilikuwa kiumbe kinene chenye masikio marefu, kaptula ya kijani na glavu nyeupe, na kazi yake ilikuwa kuruka mashimo na kuokota matunda. Ni mnyama gani, hatukukubaliana kamwe. Watu wa Mikumi, wanaojidai kuwajua wanyama wote kwa kuwa wanaishi jirani na hifadhi, walisema ni pimbi. Fundi alikuwa akiiga picha ya kwenye boksi la gemu, na kwenye boksi glavu ilikuwa na vidole vinne, kama wachora katuni wa ng'ambo walivyozoea. Yeye akachora vitano, mkono wazi umeinuliwa kama wa mtu anayesalimia. Nilikuwa nimesimama chini ya ngazi, nikamwambia amekosea. Akautazama mkono wake mwenyewe. "Vinne ninavyo mimi," akasema. "Huyu ni mzima. Apate vyote."

Mkono ule ukawa sehemu ya mji. Siku za gulio, wakulima wa mpunga kutoka Tindiga na wafugaji waliohamia huko kutoka kanda ya ziwa walikaa kwenye msingi wa ukuta ule ule, ingawa kwa sababu ya mashamba na malisho wengine walikuwa hawasemeshani. Ndani, watoto wao walibanana kwenye benchi moja wakigombea zamu. Watoto wa chekechea, waliofundishwa kuamkia kila mkubwa, walikuwa wakipita wanauambia ukuta shikamoo. Fundi akiwa jirani, aliitikia marahaba kwa niaba ya shujaa wake, tena kwa sauti nzito. Sikuwahi kumwona akifurahia kitu kingine namna ile.

Kisha likaja toleo jipya. Shujaa alikuwa amerefuka miguu, tumbo limekwisha, nyusi zimekunjamana. Fundi akapanda ngazi akalifuta tumbo. "Naye wamempunguza," akaniambia, na tukacheka kidogo. Mkono hakuugusa. Lakini baada ya hapo ikaingia gemu nyingine kabisa yenye shujaa yule yule, na humo haruki wala haokoti kitu, anapiga risasi tu. Vijana walipanga foleni hadi barabarani. Mwenye chumba akataka mkono wa ukutani ushike bunduki, akasema fundi asipotaka, ataitwa mchoraji kutoka Morogoro, naye ndiye atakayepewa mabango yote ya maduka yake.

Fundi alinifuata nyumbani. Nilikuwa naandika makala kuhusu ubinafsishaji, nayo ilinielemea. "Mwandishi, wewe ndiye msomi," akasema. "Siku ya gulio wanakaa pale, huyu na jembe lake, huyu na fimbo yake, na yule wa ukutani anawasalimia wote. Kweli nimpe bunduki?" Nilimjibu bila kuinua kichwa: "Chora, Mzee wangu. Ni katuni tu. Usipochora wewe atachora mwingine." Akageukia mlango. "Haya. Ahsante, mwandishi."

Akachora. Ilikuwa bunduki nzuri, ya mtu anayejua chuma. Vidole vilijikunja kuishika, na hakuna aliyeweza tena kuvihesabu. Pale chini, alipokuwa ameandika jina lake, alipaka chokaa. Sitawadanganya kwamba picha ile ilimdhuru mtu. Ugomvi wa mashamba ulikuwepo kabla yake na ukaendelea. Ila watoto wa chekechea waliacha kuuamkia ukuta, na hakuna aliyewakataza.

Baadaye fundi alichora chumba kingine cha gemu kule Mikumi, jirani na duka la yule mama. Mwenye chumba hicho alimtaka shujaa wa zamani, mnene, wa kaptula ya kijani, mkono juu. Nilifurahi nikidhani tumerudishiwa mtu wetu, hadi nilipoona ana vidole vinne. Nikamuuliza fundi cha tano kiko wapi. Alikuwa akiosha brashi. "Si ndivyo ilivyo kwenye boksi?" akajibu, na akaendelea kuosha.

Siku ile nilipotoka dukani nilikwenda kusimama mbele ya picha ile. Kijani kimepauka, chumba sasa kinauza sola. Nilivihesabu vile vidole mara mbili, na nikaona aibu. Katika safu hii nimewaambia mawaziri namna ya kuendesha nchi, lakini mtu mmoja alipokuja kwangu na kitu pekee alichokuwa amekifanya kwa mapenzi yake, sikuweka hata kalamu chini. Nawaomba ninyi msifanye hivyo. Mtu akija na kazi yake mkononi kukuuliza aifanyeje, usimwambie kwamba ni kitu kidogo. Kingekuwa kidogo, asingekuja kuuliza.