Gari Lisilo na Kijiti cha Oili

Laiti ningekataa. Siku ile mdogo wangu alipoleta gari gerejini na kuniambia, "Kaka, nibadilishie oili ya giaboksi," ningesema sijui, yakaisha. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne na miaka mingi ya kutengeneza malori ya chama cha ushirika, na neno hilo moja likanishinda.

Ushirika ulikuwa umepunguza wafanyakazi, mimi nikiwemo. Wanunuzi binafsi wa pamba walikuwa wameingia Bariadi, na nyuma yao yakaja magari madogo yaliyotumika ng'ambo. Mdogo wangu alinunua moja kwa kuuza ng'ombe wa mahari ya dada yetu, ambao kwa mila yetu walikuwa wametengwa ili naye aoe. Alikwisha kuposa binti kijiji cha Nkololo. Alitaka abebe abiria kati ya Bariadi na Mwanhuzi, na msimu wa pamba ukiisha awe amerudisha ng'ombe zizini. Baba wa binti alikubali kungoja hadi hapo, si zaidi.

Nikafungua boneti. Kijiti cha kupimia oili ya injini nilikiona. Cha giaboksi hakikuwepo. Lilikuwa gari otomatiki, la kwanza kufika mikononi mwangu.

Gereji haikosi watazamaji. Dereva wa trekta aliyekuwa akingoja pampu yake alinichungulia begani.

"Mzee wa ushirika, unatafuta nini humo? Mbuzi kapotea?"

"Kijiti."

"Si uchonge cha mpera!"

Watu wakacheka. Mdogo wangu hakucheka. "Kaka, kama hulijui, nilipeleke Mwanza."

"Mwanza kuna nini? Giaboksi ni giaboksi."

Nikaingia chini ya gari. Malori yetu nayo hayakuwa na kijiti kwenye giaboksi. Unazima injini, unafungua nati ya ubavuni, unajaza mpaka oili ianze kumwagika, unafunga. Nikaikuta nati kama ile, na kando yake kibandiko cha maandishi ya Kiingereza kilichofunikwa na tope. Ningeweza kukisoma. Kitambaa kilikuwa mfukoni, sikukitoa. Nikamwaga oili ya zamani, nikajaza mpya, ile nyekundu, kwa pampu ya mkono. Ilipoanza kudondoka nikafunga. Injini ilikuwa imezimwa na imepoa kabisa.

"Umeipima?" mdogo wangu akaniuliza.

"Nimeipima."

Gari lilifanya kazi siku chache. Kisha likaanza kuunguruma bila kusogea, na siku moja, upande wa Meatu, likasimama moja kwa moja. Lilivutwa kwa ng'ombe wa plau hadi barabara kuu, abiria wakitembea nyuma yake kama wanasindikiza maiti. Lilipofika kwangu nikafungua ile nati. Harufu ya kuungua ilinitosha.

Baba aliita kikao cha ukoo. Mimi ndiye fundi, kwa hiyo niliulizwa mimi.

"Gari halikuwa na kosa," nikasema. "Huyu anaendesha kama anakimbiza fisi."

Wazee wakacheka. Mdogo wangu akatazama miguu yake. Msimu ukaisha zizi likiwa tupu, na binti wa Nkololo akaolewa na mwingine.

Miaka kadhaa baadaye, fundi mmoja wa Mwanza alinieleza. Gari la namna ile unalipima injini ikiwa inanguruma, gia umezipitisha zote moja moja, oili imepata joto lake. Hapo ndipo unafungua nati. Ukizima, oili inarudi chini na kukudanganya kwamba imejaa, kumbe ukiwasha tu giaboksi inabaki na kiu. Alikuwa ameyasoma kwenye kibandiko.

Hata hivyo nilikaa kimya muda mrefu. Baba alikuwa amekwisha kufa nilipokwenda Nkoma, alikohamia mdogo wangu kulima pamba. Nilimkuta shambani asubuhi. "Mwangaluka," nikamsalimu. Akaitikia vizuri, akaniletea kigoda. Nikamweleza yote, nati, kibandiko, na kitambaa kilichobaki mfukoni. Aliendelea kung'oa miti ya pamba iliyokauka.

"Oili ningekusamehe, kaka," akasema mwishowe. "Hukujua. Lakini mbele ya baba ulisema sijui kuendesha, na baba alikufa akiamini hivyo."

Tulikunywa uji, akanisindikiza hadi njiani kama mgeni.

Bado yuko hai. Akija Bariadi huwa naambiwa na watu kwamba ameonekana sokoni, na nyumbani kwangu hapiti. Baba alituzaa wanaume wawili tu. Kwa sababu sikutaka kusema sijui mbele ya dereva wa trekta, nilimpoteza ndugu yangu.